Homa ya Matumbo Hugunduliwaje kwa Uhakika?

Katika zahanati, vituo vya afya na maabara za mitaani za Afrika Mashariki, ni maradhi machache yanayotajwa mara nyingi kama malaria na homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi, na si ajabu majina hayo mawili kuandikwa pamoja kwenye karatasi moja ya majibu ya mgonjwa mmoja. Hata hivyo, kila mara watafiti wanapochukua damu ya wagonjwa wenye homa na kuwatafuta ndani yake bakteria wenyewe wa ugonjwa huo, wanaopatikana nao huwa wachache sana wakilinganishwa na watu wanaoondoka kwenye vituo hivyo na dawa za taifodi mkononi. Wakati huohuo wapo wagonjwa wa kweli wa homa ya matumbo ambao hutibiwa malaria kwa wiki nzima, na wengine hufikishwa hospitali utumbo ukiwa umekwisha kutoboka. Kwa hiyo ugonjwa huu hugunduliwa kupita kiasi kwa wasio nao na hukosa kugunduliwa kwa walio nao, na makosa yote mawili yanatokana na imani kubwa mno inayowekwa katika dalili kwa upande mmoja, na katika kipimo kimoja cha bei nafuu kwa upande mwingine.

Homa ya matumbo husababishwa na bakteria aitwaye Salmonella Typhi, ambaye huishi kwa binadamu peke yake na huenea kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye bakteria hao. Akishamezwa hupenya ukuta wa utumbo mwembamba, hujificha ndani ya seli za kinga ambazo kazi yake ilikuwa kumwangamiza, kisha husafiri kwa njia ya damu hadi kwenye ini, bandama na uboho, yaani ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa ambamo chembe za damu hutengenezwa. Kwa kawaida homa huanza baada ya siku 8 hadi 14. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, watu milioni 9 duniani huugua kila mwaka, na 110,000 kati yao hufa.

Vitabu vya tiba vya zamani viliueleza ugonjwa huu kwa ufasaha unaomfanya msomaji adhani kwamba haiwezekani kuukosea. Homa hupanda ngazi kwa ngazi katika wiki ya kwanza, kichwa huuma, mwili hunyong'onyea, mgonjwa aliye mtu mzima hupata choo kigumu ilhali mtoto huharisha, ulimi hufunikwa na utando mweupe, bandama huvimba, mapigo ya moyo hubaki ya polepole kuliko inavyotarajiwa kwa homa kali, na vipele vidogo vya rangi ya waridi hutokea kifuani na tumboni. Picha hiyo ni ya kweli, ila ilichorwa kwa wagonjwa waliolazwa kwa wiki tatu au nne kabla ya dawa kuwapo. Mgonjwa wa leo amekwisha kumeza vidonge kutoka duka la dawa siku ya pili ya homa, na vidonge hivyo hukata mwendo wa kawaida wa ugonjwa bila kuumaliza, hivyo zile ngazi za homa hazionekani tena. Vipele vya waridi ni nadra hata kwa wagonjwa wenye ngozi nyeupe, na kwenye ngozi nyeusi ni vigumu mno kuviona. Kinachobaki ni homa, maumivu ya kichwa, uchovu na tumbo kuuma, dalili ambazo malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo na virusi vya aina nyingi huzileta vilevile.

Ugumu huu si wa leo. Jina la taifodi lilienea baada ya kitabu cha Pierre Louis wa Paris cha mwaka 1829, na bado madaktari wengi waliendelea kuuchanganya ugonjwa huo na tifasi, homa nyingine kabisa inayoenezwa na chawa. William Gerhard wa Philadelphia alipoyatenganisha maradhi hayo mawili mwaka 1837, alitegemea sana alichokiona ndani ya maiti zilizopasuliwa, kwa sababu vidonda vya utumbo vilikuwapo kwa waliokufa kwa taifodi na havikuwapo kwa waliokufa kwa tifasi. Iwapo mabingwa hao waliomtazama mgonjwa mmoja kwa wiki nzima kitandani walihitaji ushahidi wa maiti, ni vigumu kumdai tabibu wa zahanati mwenye foleni ya watu 60 atofautishe homa kwa kumsikiliza mgonjwa kwa dakika tano.

Tafiti zilizofanywa Tanzania zinaonyesha jinsi dalili zinavyopotosha. Mjini Moshi, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali, na kwa uchunguzi wa kawaida wa daktari asilimia 60.7 kati yao waliandikiwa kuwa na malaria. Vipimo vya kina vilipokamilika, malaria ilithibitishwa kwa asilimia 1.6 tu. Miongoni mwa waliochunguzwa kwa maradhi yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo, ukiwamo ugonjwa wa kutupa mimba, ambao mtu huupata kwa mifugo au maziwa mabichi, na ule ambao Watanzania wameuzoea kwa jina la homa ya mgunda tangu mlipuko wa mkoani Lindi mwaka 2022. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2014, uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa jijini Dar es Salaam na mjini Ifakara: zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, asilimia 10.5 walikuwa na malaria, na homa ya matumbo ilikuwa asilimia 3.7. Kisiwani Pemba, ambako ugonjwa huu upo kwa wingi kuliko sehemu nyingi, damu ya wagonjwa zaidi ya 2,000 wenye homa ilipooteshwa maabara, bakteria wa taifodi walipatikana kwa takriban asilimia 2.

Takwimu hizo hazisemi kwamba homa ya matumbo ni jambo dogo. Zinasema kwamba katika kundi la watu wote wenye homa, wenye taifodi ni wachache, na kwamba ukweli huo mmoja unaamua thamani ya kila kipimo kitakachotumika baadaye.

Kipimo kinachotumika zaidi ni kile kinachobeba jina la Fernand Widal, tabibu wa Paris aliyekitangaza mwaka 1896. Widal hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza ili kupambana na mvamizi fulani. Mtaalamu wa maabara huchukua majimaji ya damu ya mgonjwa na kuyachanganya na bakteria wa taifodi waliokwisha kuuawa. Kama kingamwili zipo, bakteria hao hugandana na kuwa vibonge vinavyoonekana kwa macho. Herufi O na H kwenye karatasi ya majibu zinataja sehemu mbili tofauti za bakteria, O ikiwa ganda lake na H ikiwa mikia yake ya kuogelea, na tarakimu kama 1:80 au 1:160 zinaeleza ni kwa kiasi gani majimaji ya damu yaliweza kuzimuliwa na bado yakagandisha. Kwa wakati wake kilikuwa kipimo cha ajabu, kwani kilimwezesha daktari kupata jibu kutoka kwenye tone la damu miaka mingi kabla ya dawa yoyote ya kutibu ugonjwa wenyewe.

Tatizo ni kwamba masharti yake hayafuatwi. Widal ilikusudiwa kufanywa mara mbili, kwa sampuli zilizopishana siku 10 hadi 14, ili ionekane kama kingamwili zimepanda angalau mara nne, kwa maana kingamwili zinazopanda ndizo zinazoonyesha vita vinavyoendelea sasa. Kinachofanyika karibu kila mahali ni kipimo kimoja, tena juu ya kipande cha kioo badala ya ndani ya mirija, na jibu lake husomwa baada ya dakika chache kwa macho ya mtu mmoja. Mtu aliyewahi kuugua miaka iliyopita anaweza kuwa na kingamwili hadi leo. Salmonella wa jamii nyingine, wanaofanana na wa taifodi kwa maganda yao, wanaweza kuamsha kingamwili zilezile, na malaria nayo inaweza kuleta jibu chanya lisilo la kweli. Kwa upande wa pili, mgonjwa halisi anayepimwa katika siku za mwanzo huweza kupata jibu hasi kwa kuwa mwili haujapata muda wa kutengeneza kingamwili za kutosha. Aidha, kuna desturi ya kurudia Widal baada ya dozi ili kuona kama mtu amepona, na ikibaki chanya anaambiwa ana taifodi sugu na kuandikiwa dawa nyingine. Desturi hiyo haina msingi wowote, kwa sababu kingamwili hubaki kwenye damu kwa miezi mingi baada ya bakteria kuisha, na kuna watu wanaomeza dawa mwaka hadi mwaka kwa ajili ya ugonjwa ambao pengine hawakuwahi kuwa nao.

Vipimo vya haraka vilivyokuja baadaye, kama Typhidot na Tubex, vilitarajiwa kumaliza tatizo hilo. Mapitio ya kina ya tafiti yaliyotolewa na taasisi ya Cochrane mwaka 2017 yaligundua kwamba Typhidot ilinasa wagonjwa 84 katika kila 100 wenye ugonjwa, na iliwatoa kwa usahihi watu 79 katika kila 100 wasio nao. Kwa kusikia tu, hizo ni alama za mwanafunzi mzuri. Lakini ichukuliwe mfano wa kituo cha afya kilichopokea wagonjwa 1,000 wenye homa, ambamo 20, yaani asilimia 2, ndio wenye homa ya matumbo. Kipimo hicho kitawanasa 17 kati ya wale 20. Kisha kati ya wale 980 wasio na ugonjwa kitawapa jibu chanya watu 206. Majibu chanya yatakuwa 223, na ya kweli ni 17, ambayo ni chini ya 8 katika kila 100. Kipimo hichohicho kikipelekwa kwenye mlipuko ambapo wagonjwa 200 kati ya 1,000 wana taifodi, majibu chanya ya kweli yatakuwa 168 na ya uongo 168, nusu kwa nusu. Kipimo hakikubadilika hata kidogo; waliobadilika ni watu waliopimwa. Mtaalamu wa maabara anaweza kufanya kazi yake bila dosari, na karatasi yake bado ikampotosha daktari asiyejua ugonjwa huo ni wa kawaida kiasi gani mahali anapofanyia kazi.

Hesabu hiyo si ya darasani tu. Katika hospitali ya Muheza, mkoani Tanga, ambako watoto waliolazwa kwa homa walipimwa kwa Widal ya mirija na damu yao ikaoteshwa pia, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba kipimo hicho, kikifanywa kwa uangalifu wa watafiti, kiliwatoa kwa usahihi asilimia 98 ya wasio na ugonjwa. Na bado, kwa kuwa taifodi ilikuwa nadra miongoni mwa watoto hao, jibu chanya lilikuwa la kweli kwa asilimia 26 tu. Jibu hasi, kwa upande wake, lilikuwa la kuaminika sana. Kwa hiyo katika mazingira kama hayo Widal ilikuwa na faida ya kuondoa shaka kuliko ya kuthibitisha ugonjwa, kinyume kabisa na inavyotumika mitaani.

Njia ya kuthibitisha ni kuotesha damu. Damu hutiwa kwenye chupa yenye majimaji ya virutubisho na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 37, bakteria wakiwemo huzaana, kisha huhamishiwa kwenye sahani ambako mtaalamu huwatambua kwa tabia zao na kuwajaribu kwa dawa mbalimbali ili ajue ipi itawaua. Jibu chanya la namna hii karibu halina ubishi, na linakuja pamoja na jina la dawa inayofaa, jambo ambalo Widal hailiwezi kamwe. Lakini nalo lina udhaifu wake, na haifai kuuficha. Kwa kawaida kuotesha damu kunanasa wagonjwa takriban 6 katika kila 10 wa kweli, kwa sababu bakteria kwenye damu ni wachache mno, mara nyingi mmoja au chini ya hapo katika mililita moja. Ndiyo maana kiasi cha damu ni jambo la msingi: mtu mzima anahitaji kutoa mililita 10 hivi, na mtoto 2 hadi 5, tena kabla ya kumeza dawa yoyote ya kuua bakteria. Mgonjwa aliyeanza vidonge nyumbani na kutolewa mililita 3 hawezi kutarajia jibu la maana. Kuotesha uboho kunanasa zaidi ya wagonjwa 8 katika kila 10, hata kwa waliokwisha kuanza dawa, ila kudunga sindano kwenye mfupa si jambo la kufanywa kwa kila mwenye homa. Kinyesi nacho huoteshwa, hasa kuanzia wiki ya pili, ingawa bakteria kwenye kinyesi wanaweza pia kutoka kwa mtu aliyepona zamani na kubaki mbebaji, bakteria wakiishi kwenye mfuko wake wa nyongo bila kumsumbua.

Hapo ndipo dalili zinaporudi kwa heshima yake. Kwa kuwa jibu hasi la kuotesha damu halimfuti mgonjwa, daktari hana budi kuuliza maswali ambayo hakuna chupa inayoweza kuyajibu: homa imedumu siku ngapi, kipimo cha malaria kimesemaje, mgonjwa anakunywa maji ya wapi, kuna jirani au ndugu mwenye hali kama hiyo, mapafu na mkojo vimechunguzwa. Homa iliyozidi siku 3, isiyo na chanzo kingine kinachoonekana, kwa mtoto wa shule anayeishi mahali penye maji machafu, ni sababu tosha ya kushuku taifodi, na kama hali ni mbaya, ya kuanza matibabu mara tu baada ya kuchukua damu. Dalili huwa dhaifu zinapogeuzwa hukumu, lakini zina nguvu kubwa zinapotumika kuamua nani apimwe.

Mlipuko wa Kampala wa mwaka 2015 unaeleza vizuri umbali uliopo kati ya shaka na uthibitisho. Watu 10,230 waliorodheshwa kuwa washukiwa kwa dalili zao, 1,038 wakawekwa kundi la wanaoelekea kuwa nao kutokana na vipimo vya kingamwili, na waliothibitishwa kwa kuotesha walikuwa 51. Wengi hawakuoteshwa damu, kwa hiyo si haki kusema waliobaki hawakuwa wagonjwa. Mlipuko wenyewe ulikuwa wa kweli, na wachunguzi waliufuatilia hadi kwenye maji na vinywaji vilivyouzwa mitaani katikati ya jiji. Ila ni watu wangapi hasa walioupata ugonjwa, hakuna takwimu inayoweza kulijibu swali hilo.

Gharama ya kukosea ni kubwa pande zote. Kloramfenikoli ilipoanza kutumika dhidi ya taifodi mwaka 1948 ilionekana kama mwujiza, na leo katika sehemu nyingi haifanyi kazi, wala ampisilini na kotrimoksazoli. Siprofloksasini iliyofuata inaelekea hukohuko. Mwaka 2016 katika jimbo la Sindh nchini Pakistani, walizuka bakteria wa taifodi wasiosikia hata seftriaksoni, ikabaki azithromaisini kuwa karibu dawa pekee ya kumeza. Kila dozi anayopewa mtu asiye na taifodi inawafundisha usugu bakteria waliomo mwilini mwake. Na anayekoseshwa tiba hukabili hatari nyingine, ambayo Wilaya ya Kasese nchini Uganda iliiona kati ya mwaka 2008 na 2009, pale watu 249 walipotoboka utumbo katika mlipuko mmoja na 47 wakafariki.

Nchi za Afrika Mashariki zinaweza kufanya lililo bora kwa uwezo zilionao. Kuotesha damu kuwepo katika kila hospitali ya mkoa au kaunti, kukiwa na chupa za kutosha, umeme usiokatika na mtaalamu aliyefunzwa, kungegharimu fedha, lakini fedha nyingi tayari zinateketea kwenye vitendanishi vya Widal na dawa zisizohitajika. Widal moja juu ya kioo haistahili tena kuwa sababu ya kumwandikia mtu dawa, na wizara za afya zinapaswa kulisema hilo waziwazi kwa maabara zote, za serikali na za binafsi. Chanjo mpya ya taifodi nayo imeshafika: majaribio ya Blantyre nchini Malawi yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa ilizuia takriban visa 8 katika kila 10 kwa watoto, Malawi ikaianza mwaka 2023 na Kenya mwaka 2025, na nchi itakayotaka kujua wapi ipelekwe kwanza itahitaji takwimu za kuotesha damu, kwa kuwa za Widal zitaipeleka pasipo na ugonjwa.

Kwa msomaji, lililo muhimu ni hili: mwenye homa inayopita siku 3 apimwe malaria kwanza, asinunue dawa ya kuua bakteria dukani, na akiambiwa ana taifodi aulize kama damu yake inaweza kuoteshwa kabla ya dozi ya kwanza. Na mgonjwa aliyekuwa na homa kwa wiki kadhaa ambaye ghafla tumbo linamuuma sana na kukaza apelekwe saa hiyohiyo kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, bila kusubiri jibu la kipimo chochote.